Homa isiyo na jina

Ndugu msikilizaji, na wewe unayesoma maneno haya gazetini baada ya kuyakosa redioni, leo nitaanza na mjomba wangu.

Mjomba alikuwa fundi cherehani Tanga. Mwaka 2009 alishikwa na homa. Ilianza jioni moja kwa baridi na jasho, akanywa dawa mseto, akalala. Baada ya siku nne homa ikarudi. Akaenda zahanati, akatobolewa kidole, wadudu wa malaria hawakuonekana, na hata hivyo akaandikiwa dawa ya malaria. Wiki ya tatu akaambiwa ni taifodi. Wiki ya tano akawekewa dripu ya kwinini katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Alipoletwa kwangu Dar es Salaam, suruali aliyojishonea mwenyewe ilikuwa inamvuka kiunoni. Akaniuliza, "Mpwa wangu, homa gani hii isiyokuwa na jina?"

Sikuwa na jibu. Lakini swali lake lilinikaa kichwani, na miaka iliyofuata nikawa nasoma kila nilichokipata juu ya jambo hili. Nimegundua kwamba swali la mjomba lina historia ndefu, na kwamba sehemu kubwa ya historia hiyo ni hadithi ya watu waliotaka kuona ndani ya mwili wa binadamu aliye hai bila ya kumpasua.

Kwanza tuliangalie neno lenyewe. Sisi tunasema homa ya malaria, homa ya matumbo, homa ya manjano, homa ya papasi, na tangu mlipuko wa Lindi mwaka 2022 tumejifunza na homa ya mgunda. Ndugu zetu wa Kenya wakisema homa, mara nyingi wana maana ya mafua. Neno moja linabeba ugonjwa na dalili ya ugonjwa. Wazungu nao zamani walikuwa hivyo hivyo. Kwao homa ilikuwa ugonjwa wenyewe, si alama ya kitu kingine kilichojificha.

Aliyelitikisa wazo hilo ni daktari Mjerumani, Carl Wunderlich, wa mji wa Leipzig. Kwa miaka mingi alipima joto la wagonjwa wake, wapatao 25,000, na mwaka 1868 akatoa kitabu kilichosema kwamba joto la kawaida la mwili ni nyuzi 37 na kwamba kila ugonjwa unapandisha na kushusha joto kwa namna yake. Kipimajoto chake kilikuwa kirefu kama rula ya shule, na mgonjwa alikikumbatia kwapani kwa robo saa au zaidi. Wakati huo huo, Mwingereza Thomas Clifford Allbutt alitengeneza kipimajoto cha inchi 6 ambacho kilihitaji dakika 5 tu. Ndicho babu wa vile tunavyovijua leo. Tangu hapo daktari aliweza kusema kwa uhakika kwamba fulani ana homa. Kusema homa hiyo inatoka wapi lilikuwa jambo jingine kabisa.

Hapa historia inapita mlangoni kwetu. Pale Ocean Road, Dar es Salaam, lipo jengo la zamani la hospitali lililofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897, ambalo leo ni sehemu ya taasisi yetu ya saratani. Mwaka huo huo alifika Robert Koch, mtu aliyegundua bakteria wa kifua kikuu, akakaa mpaka mwaka 1898 akichunguza malaria na ile homa ya mkojo mweusi iliyokuwa ikiwaua Wazungu wa pwani. Silaha yake ilikuwa darubini. Aliporudi tena Afrika Mashariki mwaka 1905 alimfuatilia papasi, yule mdudu wa sakafu za udongo, na kuonyesha jinsi anavyobeba vijidudu vya homa inayopanda na kushuka. Mwaka huo huo, Kasongo huko Kongo, daktari kijana Mwingereza Joseph Dutton alikuwa akichunguza jambo lile lile. Ugonjwa aliokuwa akiuchunguza ulimwingia mwenyewe, akafa hapo hapo.

Basi darubini ilishinda vita vingi. Tone la damu, kioo, na jicho la mtaalamu: malaria imeonekana, papasi amekamatwa. Lakini darubini inataka adui awe ndani ya lile tone. Je, kama amejificha kwenye ini? Kama yumo ndani ya uti wa mgongo, au amekaa kwenye vali ya moyo, au ni saratani ya matezi ambayo haina mdudu wa kuonekana? Tone la damu ya kidoleni linaweza kuwa safi kabisa wakati mtu anaoza ndani.

Miaka miwili kabla ya Koch kushuka Dar es Salaam, jioni ya tarehe 8 Novemba 1895, Wilhelm Röntgen wa Würzburg, Ujerumani, aliona kwa bahati mionzi ambayo hakuijua, akaiita kwa herufi ya X. Kabla ya Krismasi alikuwa amepiga picha ya mkono wa mke wake, mifupa na pete. Hakuchukua hataza, hakudai senti moja kwa ugunduzi wake, na mwaka 1901 akapewa Tuzo ya Nobel ya kwanza kabisa ya fizikia. Mashine zikaenea duniani kwa kasi ya ajabu. Mwaka 1898, katika vita vya Waingereza kule Sudan, daktari wa jeshi aliyeitwa Battersby alipiga picha za eksirei kando ya mto Nile kwa umeme uliotokana na baiskeli ya watu wawili. Askari wanaendesha pedeli, jasho linawatoka, na daktari anatafuta risasi ndani ya nyama. Nikiona siku hizi mashine ya hospitali imesimama wiki mbili kwa kukosa kifaa kidogo, huwa nawakumbuka wale waendesha baiskeli.

Kwa homa, eksirei ilileta faida moja kubwa, nayo ni kifua. Mtu mwenye homa ya jioni na kikohozi aliweza kuonekana tundu katika pafu, au zile chembechembe nyingi ndogo kama mtama uliomwagwa, ambazo ni alama ya kifua kikuu kilichosambaa mwilini. Mpaka leo hakuna picha ya bei nafuu inayotoa taarifa nyingi kama hiyo. Lakini ukishuka chini ya mbavu, eksirei inapofuka. Ini, bandama, figo, usaha, damu na maji, vyote kwake ni kivuli kimoja cha kijivu. Jipu lenye ukubwa wa chungwa linaweza kukaa ndani ya ini na picha isiseme kitu, isipokuwa pengine kiwambo cha upande wa kulia kimenyanyuka kidogo.

Kwa hiyo kwa zaidi ya nusu karne baada ya Röntgen, daktari aliyeshindwa na homa alibakiwa na kisu.

Mwaka 1961 madaktari wawili wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, Robert Petersdorf na Paul Beeson, walitoa makala ambayo wanafunzi wa udaktari husomeshwa mpaka leo. Walifuatilia wagonjwa 100 wa homa isiyoeleweka. Wakaweka na masharti ili kila homa isiitwe hivyo: joto lipite nyuzi 38.3 mara kadhaa, homa idumu zaidi ya wiki tatu, na mgonjwa awe amechunguzwa hospitalini kwa wiki nzima bila jibu. Waliona kwamba zaidi ya theluthi moja walikuwa na uambukizo wa vijidudu, takriban mmoja katika watano alikuwa na saratani, na kundi jingine lilikuwa na magonjwa ambamo kinga ya mwili inaugeukia mwili wenyewe. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba magonjwa mengi kati ya hayo hayakuwa ya ajabu. Yalikuwa magonjwa ya kawaida yaliyojitokeza kwa sura isiyo ya kawaida.

Na waliyajuaje? Mara nyingi kwa kukata nyama na kuipima, na kwa baadhi yao kwa kulifungua tumbo zima. Daktari wa upasuaji alipasua bila kujua anatafuta nini, akapapasa ini, akageuza utumbo, akachukua kipande cha tezi. Huko ndiko kuchungulia kwa zama zile. Mgonjwa ambaye tayari amedhoofika kwa homa ya miezi miwili analazwa mezani na kupasuliwa, pengine bila kukutwa na chochote.

Wakati makala hiyo inatoka, njia nyingine ilikuwa imekwisha kuanza kuchimbwa, tena mahali ambapo usingetegemea. Huko Glasgow, Scotland, daktari wa wanawake Ian Donald, aliyewahi kutumikia jeshi la anga na kuijua rada, alisikia kwamba viwanda vinatumia sauti isiyosikika kutafuta nyufa ndani ya chuma. Mwaka 1955 akapakia ndani ya gari uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa, akaenda nao kwenye kiwanda cha kutengeneza mitungi ya mvuke, akawaomba waupime kama wapimavyo vyuma vyao. Wenye kiwanda nao wakaleta kipande cha nyama ya ng'ombe kwa kulinganisha. Mwangwi wa sauti ukatofautisha uvimbe wenye maji na uvimbe mgumu! Mwaka 1958 Donald na wenzake, akiwamo mhandisi kijana Tom Brown, walitangaza matokeo yao. Kati ya wagonjwa wao alikuwamo mama aliyekwisha kukatiwa tamaa kwa kudhaniwa ana saratani ya tumbo isiyotibika. Sauti ikaonyesha kwamba ni mfuko wa maji kwenye ovari, ukatolewa, akapona.

Hiyo ndiyo altrasaundi. Kina mama wanaijua kwa kuangalia watoto tumboni, lakini kwa habari ya homa ndicho chombo chenye huruma kuliko vyote. Haina mionzi, haina sindano, unapakwa mafuta baridi tu tumboni. Jipu la ini inaliona. Figo iliyojaa usaha inaiona. Maji yaliyozunguka moyo, matezi yaliyovimba nyuma ya tumbo, madoa ndani ya bandama, inayaona.

Sasa nifike kwa watu wawili ambao habari zao nimezipenda kuliko zote.

Wa kwanza ni Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, mwalimu wa fizikia Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 1956 hospitali ya Groote Schuur ilipungukiwa mtaalamu wa fizikia wa kusimamia madawa ya mionzi, kama sheria ilivyotaka, na Cormack akaombwa asaidie siku moja na nusu kila wiki. Akiwa pale aliona wenzake wanapanga tiba ya mionzi kama vile mwili wa mtu ni kitu kimoja tu, hauna mfupa wala pafu. Akajiuliza: nikipitisha mionzi kutoka pande nyingi na kupima inayotoka upande wa pili, siwezi kukokotoa kilichomo katikati? Akajaribu kwa mviringo wa alumini na mbao. Hesabu ikakubali. Akaiandika katika jarida la fizikia mwaka 1963 na 1964, akiwa amekwisha kuhamia Marekani, na karibu hakuna aliyejali. Barua ya kukumbukwa zaidi, alieleza mwenyewe baadaye, ilitoka katika kituo cha Uswisi kinachochunguza maporomoko ya theluji.

Wa pili ni Godfrey Hounsfield, mtoto wa mkulima wa Uingereza. Huyu hakuwa na digrii ya chuo kikuu. Alikuwa na stashahada ya uhandisi wa umeme, na mimi mwenye stashahada yangu ya uandishi wa habari naomba niruhusiwe kutabasamu kidogo hapo. Alifanya kazi EMI, kampuni ile ile iliyorekodi nyimbo za Beatles. Bila kujua habari za Cormack, alifikia wazo lile lile. Jaribio lake la kwanza lilichukua siku 9 kukusanya vipimo, na kompyuta ikahitaji saa mbili na nusu kuvipanga. Alihitaji ubongo wa kupigia picha, akawa ananunua ubongo wa ng'ombe na kukatiza nao London kwa usafiri wa umma. Fikiria umekaa naye kiti kimoja!

Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London, mashine yake ilipiga picha kichwa cha mama mmoja aliyeshukiwa kuwa na uvimbe wa ubongo. Uvimbe ukaonekana. Mashine hizo za mwanzo zilikuwa za kichwa peke yake. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 Mmarekani Robert Ledley, ambaye asili ya elimu yake ilikuwa udaktari wa meno, alikuwa ametoa mashine ya mwili mzima. Mwaka 1979 Cormack na Hounsfield wakagawana Tuzo ya Nobel. Chombo walichotuachia tunakiita siti skani. Kinaukata mwili vipande kama mkate wa boflo, bila kisu, na daktari anatazama kila kipande.

Siti skani ndiyo iliyolifuta lile tumbo la kuchungulia. Jipu lililojificha nyuma ya utumbo, matezi ya saratani kandokando ya uti wa mgongo, mambo ambayo Petersdorf na Beeson waliyafuata kwa kisu, sasa yalionekana mgonjwa akiwa amelala na nguo zake. Na sindano ndefu iliweza kuongozwa na picha mpaka kwenye jipu lenyewe.

Hata hivyo siti skani ina udhaifu wake. Inaonyesha umbo. Inakuambia tezi hili ni kubwa, haikuambii kama tezi hilo linafanya kazi ya ugonjwa au ni kovu la zamani. Homa ni moto, na picha ya nyumba haikuonyeshi chumba kinachoungua mpaka ukuta uanguke. Ndipo wataalamu walipoanza kufikiria kinyume chake, kwamba badala ya kupitisha mionzi kutoka nje, tumtie mgonjwa dawa yenye mionzi kidogo, iende yenyewe penye ugonjwa, nasi tuitazame kutoka nje inavyong'aa.

Mwaka 1969 watafiti wawili wa Oak Ridge, Marekani, waliona kwamba galiamu yenye mionzi inajikusanya kwenye saratani ya matezi. Miaka miwili baadaye madaktari wa London wakaonyesha kwamba inakwenda hata penye uambukizo. Kuanzia mwaka 1976 ikaja njia ya kupendeza zaidi. Damu ya mgonjwa inatolewa, chembe zake nyeupe zinatenganishwa na kupakwa indiamu yenye mionzi, kisha anarudishiwa. Chembe nyeupe ni askari wa mwili, na askari hukimbilia penye vita. Kesho yake unatazama wamejazana wapi. Galiamu, kwa upande wake, ilitaka subira ya siku mbili au tatu kabla ya picha kusomeka.

Mwaka huo huo wa 1976, mwezi Agosti, Philadelphia, madaktari walimdunga mtu kwa mara ya kwanza sukari iliyotiwa mionzi ya florini. Sukari yenyewe ilitengenezwa Brookhaven, karibu na New York, ikabidi isafirishwe haraka kwa ndege kwa sababu nguvu yake inapungua kwa nusu kila baada ya dakika 110. Penye saratani, na penye chembe nyeupe zinazopigana, sukari huliwa kwa pupa, kwa hiyo panang'aa. Mwanzoni mashine hii, wanayoiita peti skani, ilikuwa ya kuchunguza ubongo. Mwaka 1998, kule Pittsburgh, David Townsend na Ronald Nutt waliiunganisha na siti skani katika mashine moja, na tangu mwaka 2001 zikaanza kuuzwa. Picha moja inaonyesha nyumba na moto kwa pamoja.

Kwa homa isiyo na jina hili lilikuwa jambo kubwa. Mzee mwenye homa na maumivu ya kichwa anaonekana ukuta wa mshipa mkubwa wa damu unang'aa wote, kumbe mishipa imevimba. Mwingine tezi moja dogo chini ya kola ndilo linalowaka, linakatwa, linapimwa, ni kifua kikuu. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba picha hii humsaidia daktari kufikia jibu kwa takriban nusu ya wagonjwa wa homa ya aina hii. Nusu iliyobaki si hasara yote, kwani picha isiyoonyesha kitu nayo ni habari njema. Wengi wa watu hao homa huisha yenyewe.

Lakini usidhani ni mwujiza. Ubongo hung'aa siku zote kwa kuwa unapenda sukari, na kibofu hung'aa kwa kuwa mkojo unaitoa. Mgonjwa wa kisukari kisichodhibitiwa huharibu picha. Kifua kikuu na saratani vinaweza kung'aa kwa namna moja, kwa hiyo picha inakuonyesha mahali pa kudunga sindano, jina la ugonjwa linatoka maabara. Hata huko Marekani, bima ya wazee, Medicare, ilikuwa na kanuni ya nchi nzima ya kutolipia picha hii kwa ajili ya uambukizo, na kanuni hiyo iliondolewa mwaka 2021 tu.

Na sisi je? Kwa kuwa sukari ile inakufa haraka, huwezi kuiagiza kwa meli. Lazima mtambo wa kuitengeneza, saiklotroni, uwe karibu. Afrika Mashariki mtambo wa namna hiyo ulianza kuhudumia wagonjwa Nairobi, hospitali ya Aga Khan, mwaka 2018. Siti skani nazo zimetusogelea. Hapa Tanzania, fedha za mkopo wa kupambana na Uviko zilizotolewa mwaka 2021 zilinunua mashine kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa, ambapo zamani mgonjwa wa Kigoma au Mtwara ilimbidi aje Dar es Salaam au Mwanza.

Lakini ndugu zangu, kabla hatujaimba sifa za mashine, hebu tuangalie takwimu hizi. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Kati ya wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali, waliokuwa kweli na wadudu wa malaria ni asilimia 46.1. Mwaka 2013 ukachapishwa mwingine wa hospitali mbili za Moshi. Wagonjwa 870 walilazwa na homa, 528 wakaambiwa ni malaria. Waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Narudia: 14. Wengine walikuwa na bakteria ndani ya damu, homa za panya, homa za kupe, ule ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe na mbuzi, chikungunya. Na mwaka 2014, kati ya watoto 1,005 wenye homa waliochunguzwa Dar es Salaam na Ifakara, malaria ilipatikana kwa takriban mmoja katika kumi, wengi wao walikuwa na virusi tu.

Wengi wa watu hao hakuna skani ambayo ingewasaidia. Ugonjwa wa kupe hauonekani kwenye siti skani. Walichohitaji ni maabara nzuri, na mtu wa kuuliza: una mifugo? Maji ya kisima? Umesafiri? Kwa hiyo ninapomwona mama ametumwa akapigwe siti skani ya kichwa kwa sababu ya homa ya siku tatu, na amekopa fedha za vikoba kuilipia, nasikia hasira. Siti skani ya tumbo inaweza kukupa mionzi inayofikia mara mia ya ile ya eksirei ya kifua. Si kitu cha kumpigia kila mtu ili risiti iwe ndefu. Nimewahi kuona kituo kimoja ambacho dirisha la malipo lilikuwa na foleni ndefu kuliko mlango wa daktari, na kila aliyetoka kwa daktari alikuwa ameshika karatasi ya picha.

Kinyume chake, yapo mambo madogo yanayofanya kazi kubwa. Huko Hlabisa, KwaZulu-Natal, ambako Ukimwi na kifua kikuu vimeandamana kama kanda na nyuzi, daktari Tom Heller na wenzake walitengeneza utaratibu mfupi wa altrasaundi: tazama kama kuna maji kando ya moyo, maji kifuani, maji tumboni, matezi yaliyovimba, madoa kwenye ini na bandama. Dakika chache tu. Mgonjwa ambaye hawezi kukohoa makohozi ya kupimwa, picha hiyo inamwezesha daktari kuanza dawa za kifua kikuu siku ile ile. Mashine yenyewe inabebeka kwa mkono mmoja.

Nimrudie mjomba. Aliyemwokoa hakuwa bingwa, alikuwa tabibu msaidizi wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuanza na karatasi. Alimsalimu, "Shikamoo mzee," akamlaza, akamuuliza kama aliwahi kuharisha damu. Mjomba akakumbuka kuwa ndiyo, miezi mitatu nyuma, akanywa dawa za kienyeji ikakoma. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Tabibu akaweka vidole viwili katikati ya mbavu za kulia, akabonyeza. Mjomba akapiga ukelele uliowaamsha wodi nzima.

"Mzee, bega la kulia nalo linauma?"

"Linauma, mwanangu. Umejuaje?"

Akaandika altrasaundi ya ini. Mchana ule ule tukaona kwenye kioo duara jeusi katika ini la mjomba, kubwa kuliko ngumi yangu. Ni jipu la amiba, wale wale wa kuhara damu, waliopanda kwa njia ya damu mpaka kwenye ini. Likanyonywa kwa sindano, ukatoka usaha wa rangi ya kahawia kama chai ya rangi iliyolala. Dawa zake zilikuwa vidonge vya bei ndogo, vile ambavyo duka lolote la dawa mtaani linavyo. Siku ya nne kipimajoto kikasoma 36.8. Siku ya sita akaomba wali na samaki.

Picha ile alirudi nayo Tanga. Aliiweka kwenye sanduku pamoja na cheti cha ndoa, na kila mgeni alipofika aliitoa, akaweka kidole juu ya lile duara jeusi na kusema, "Huyu hapa. Wiki saba ananiunguza, na nyote mlikuwa mnamwita malaria."